Usiku Niliomtuza Mzee wa Gitaa

Mama mmoja niliyefanya naye kazi zamu ya usiku Chicago alinichoka. Kila alipodeki huku akiimba bluzi, zile nyimbo za Weusi wa Marekani zilizonisikikia kama za msiba, nilimuuliza, "Mama, leo kafa nani?" Basi Ijumaa moja ya Februari 2009, theluji imejaa barabarani, akaniambia, "Leo hulali, mwanangu. Twende ukaone nani kafa."

Basi namba 73 lilitushusha Armitage, kwenye Rosa's Lounge. Kilabu hicho alikifungua Mwitaliano mmoja mpiga dramu mwaka 1984, aliyeifuata bluzi kutoka Milan. Huyo Rosa ni mama yake mzazi. Nililipenda hilo kabla hata sijakaa.

Walipiga wazee wawili, vijana nyuma yao wakishika besi na dramu. Wa gitaa alikuwa mwembamba, suti imempwaya. Wa kinanda cha mdomo alikuwa na mkanda kiunoni uliopangwa vinanda kama risasi, na ngazi mbili tu za jukwaa zilimfanya asimame katikati avute pumzi. Nikasema moyoni, huyu hamalizi wimbo mmoja.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Nyumbani baba alikuwa na santuri za Morogoro Jazz, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe ndilo lililonifundisha solo ni nini: linatiririka, halikatiki. Huyu mzee alipiga noti moja, akauvuta uzi mpaka ukalia, halafu akanyamaza. Akawaachia watu. Nao wakamjibu: "Sema, baba!" Kinanda kikaingia palepale, kipaza sauti kimefumbatwa pamoja nacho viganjani, kikanguruma kama lori linapanda mlima Kitonga. Maneno yenyewe yalikuwa ya mke aliyebadilisha kitasa, kodi ya nyumba, gari lililogoma. Hakulia mtu. Walikuwa wanacheka, kama wanawake wa taarabu kijembe kikimpata jirani.

Wazazi wa yule mama walitoka Mississippi kwa treni, wakikimbia mashamba ya pamba kama maelfu ya Weusi wenzao. "Hiki ndicho walichobeba," akaniambia sikioni. "Na kuku wa kukaanga."

Sasa gitaa lilipozidi, damu ya kwetu ikanipanda. Nikatoa dola tano, nikacheza taratibu hadi jukwaani, nikambandika mzee noti kwenye paji la uso. Ukumbi wote ukanyamaza. Kumbe kuna ndoo ya tuzo inayopitishwa! Mzee akanitazama, noti imeganda kwenye jasho, akaendelea kupiga, halafu akatikisa kichwa mpaka ikaangukia kwenye gitaa. Hakuangusha noti hata moja, ya muziki nasema. Watu wakapiga mbinja. Yule mama niliyekuja naye alikuwa amejifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika.

Wakati wa mapumziko yule wa kinanda aliniita mezani. Nikamuuliza anapata wapi pumzi za kupuliza vile. Akacheka hadi akakohoa.

"Nani anapuliza? Mimi navuta."

Akanionyesha. Matundu kumi; nyimbo za watoto unapuliza, lakini bluzi kazi kubwa ni kuvuta, maana sauti inayovutwa ndiyo inayokubali kupindwa. Ndiyo sababu wimbo wa ufunguo wa E yeye huupiga kwa kinanda cha ufunguo wa A, ili noti anazozihitaji ziangukie kwenye kuvuta. Kumbe muda wote niliokuwa namhurumia, yule mzee alikuwa anakusanya hewa.

Akachomoa kimoja mkandani, akakipangusa, akanisukumia. "Tundu la nne limekufa ukivuta. Mengine yanasema."

Saa nane usiku tulikuwa kituoni tunasubiri basi. Bati la kinanda lilikuwa la baridi hadi likaninata mdomoni. Nikavuta tundu la pili kwa nguvu. Ikatoka sauti kama ya mbuzi aliyekanyagwa.

"Nani kafa?" mama akauliza.

Nikahamia la nne. Likakaa kimya. Nikarudi la pili, nikavuta tena.