Umeuona Mto?

Mwaka 2014 nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Brooklyn, New York, mgane wa miaka 82. Kila mchana nilimtoa nje kwa kiti chake cha magurudumu, tukazunguka bustanini, tukarudi. Siku moja ya Oktoba bustani akaikataa. Alitaka daraja.

Njia ya waenda kwa miguu ya Brooklyn Bridge iko katikati, imeinuliwa juu ya magari, na sakafu yake ni ya mbao. Magurudumu yalipoingia kwenye mbao yakaanza: tak-tak, tak-tak. Mzee akafumba macho.

"Polepole, binti. Hivi hivi ndivyo treni ilivyokuwa ikilia."

Sikujua kama treni iliwahi kupita pale. Akanyoosha fimbo kushoto, kisha kulia, kule chini magari yalikosongamana. Reli zilikuwa huku na huku ya njia yetu. Treni zilianza Septemba 1883, miezi michache baada ya daraja kufunguliwa, zikivutwa kwa kamba ya chuma; umeme ulikuja baadaye. Yeye alizikuta mwishoni mwa enzi zake. Tangu 1908 treni za chini ya ardhi zilikuwa zikipita chini ya mto, madaraja mengine nayo yalishajengwa, abiria wakahamia huko. Njia ya treni za juu, za kwenye nguzo, ya Fulton Street ilifungwa 1940. Zikabaki treni za njia za Myrtle na Lexington, na mabehewa yake ya mbao. Nauli senti tano. Baba yake alikuwa akimsimamisha dirishani ili aone meli.

Machi 1944 zikaacha kuvuka. Mtoto wa miaka 12 alikwenda stesheni ya Sands Street, sarafu mkononi, akakuta geti limefungwa.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Nimekulia Korogwe, naijua stesheni ambayo treni ya abiria iliacha kuja kwa miaka mingi, majani yakaota kati ya mataruma na watoto wakaendelea kuchungulia relini.

Chini ya mnara wa pili aliniomba nisimame. Akaweka kiganja kwenye jiwe, akakaa hivyo muda mrefu, baiskeli zikitupigia kengele. Nami nilikuwa nayatazama yale magari: mtu mmoja, gari moja, foleni mpaka ng'ambo. Daraja lile leo linavusha watu wachache kuliko enzi za treni. Jambo hilo liliniuma siku ile, na linaniuma bado.

Tulishukia Park Row, upande wa Manhattan, ilipokuwa stesheni kuu. Hakuna hata nguzo. Mzee alishachoka, baridi imeanza, kwa hiyo tukaingia kwenye lifti, tukapanda treni ya chini ya ardhi kurudi Brooklyn. Dakika chache tu. Dirisha lote lilikuwa jeusi, sura zetu wawili zikituangalia.

Tulipofika stesheni ya Borough Hall akanigeukia.

"Umeuona mto?"

"Sikuuona, mzee."

Akanishika mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.