Kipimo cha meno bandia kamili: zinki oksaidi, alginati au silikoni?

Kipimo ni umbo la fizi linalochukuliwa kwa kifaa laini kinachoganda mdomoni kikiwa kwenye trei. Alginati, unga unaochanganywa na maji, ibaki kwenye kipimo cha kwanza. Ni rahisi, huganda haraka na hutoka bila kumuumiza mgonjwa hata fizi zikiwa na mabonde, yaani sehemu zilizobonyea ndani ambako kipimo hunasa. Udhaifu wake ni maji: ikiachwa wazi hunywea, ikilowekwa huvimba, na umbo hubadilika. Mimina plasta ya kutoa nakala ya fizi ndani ya dakika 10 hivi. Ukichelewa kidogo, ifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Maji ya baridi hukupa muda zaidi wa kuichanganya. Trei za dukani huwa ndefu au pana kupita kiasi, kwa hiyo kingo za kipimo hiki huwa zimesukuma mashavu mbali. Usimalizie kazi hapo.

Kazi kubwa imo kwenye trei maalumu ya akriliki, inayotengenezwa juu ya nakala hiyo kwa ajili ya kipimo cha mwisho. Itengenezwe siku moja kabla, kwa sababu akriliki huendelea kujikunja baada ya kugandishwa. Kingo ziishie milimita 2 kabla ya kina cha mfereji kati ya fizi na shavu, kisha zijazwe kwa kompaundi ya vijiti, inayolainika kwa joto na kuwa ngumu ikipoa, kipande kwa kipande. Pasha kijiti motoni, kizamishe kwenye maji ya uvuguvugu kisije kikaunguza, weka trei mdomoni, vuta shavu na mdomo. Kwa taya la chini mgonjwa atoe ulimi na kuupeleka kushoto na kulia. Trei ya juu ikianza kugoma kutoka, kingo zimekubali. Hapo ndipo unatoa nta ya nafasi, iliyowekwa ndani ya trei ili kuacha nafasi ya kifaa, na kuchagua kifaa cha kipimo cha mwisho.

Kwa fizi ngumu zisizo na mabonde, kwangu mimi bado ni zinki oksaidi na eujenoli (mafuta ya karafuu), vinavyokuja katika mirija miwili. Toa mstari mmoja kutoka kila mrija, yote yenye urefu sawa, changanya mpaka rangi iwe moja, paka tabaka jembamba. Hutiririka bila kusukuma fizi, haibadiliki umbo, na tundu dogo unaweza kulijaza kwa kuongeza kidogo na kurudisha trei. Paka mafuta ya mgando midomoni kwanza, maana hunata vibaya. Joto na unyevu huiharakisha. Usiitumie kwa mgonjwa mwenye kinywa kikavu: eujenoli huwasha, na bila mate hung'ang'ania fizi. Kwenye mabonde hukatika, kwa kuwa haina mvutiko.

Mabonde yakiwepo, chukua silikoni ya aina ya nyongeza (kwa Kiingereza addition silicone), nyepesi au ya wastani. Haibadiliki kwa siku kadhaa na unaweza kuimiminia plasta zaidi ya mara moja. Ila haipendi mate: kausha fizi vizuri, la sivyo utapata viputo kaakaani. Paka gundi ya trei na uisubiri ikauke. Glavu za mpira asilia zina salfa inayoizuia isigande, kwa hiyo vaa za nitrili. Polietha, kifaa kingine cha aina ya mpira, inakubali unyevu zaidi, lakini ni ngumu kuitoa.

Fizi legevu za mbele zinahitaji dirisha, yaani uwazi uliokatwa kwenye trei juu yake. Chukua kwanza sehemu ngumu kwa zinki oksaidi, kata iliyoingia dirishani, rudisha trei, kisha paka silikoni nyepesi juu ya fizi legevu bila kuibonyeza hata kidogo. Ukiibonyeza, fizi itajirudisha baadaye na kuyasukuma meno bandia ya juu yashuke.