Blanketi la Mungu na ng'ombe wa jirani

Jamani nimerudi jana usiku kutoka kijijini Misungwi, vumbi bado liko masikioni, ila nimeona niandike kabla sijalala maana hii kitu imenikaa moyoni.

Wanaonifuatilia mnajua huu ni mwaka wa tatu naenda na timu ya kanisa kufundisha kilimo cha njia ya Mungu. Kama ndo unasikia leo, mafundisho haya yalianzia Zimbabwe miaka ya 1980 kwa mkulima mmoja anaitwa Brian Oldreive, shamba lilikuwa linamshinda, akaingia porini akaona hakuna anayelima kule, majani yanaanguka yanafunika ardhi yanaoza na miti inastawi, akarudi akaacha plau. Ndo hivyo tu kwa kifupi. Hulimi shamba zima, unachimba mashimo ya kudumu ukipima kwa kamba, mstari na mstari sentimita 75, shimo na shimo sentimita 60, kina sentimita 15, unaweka kopo la samadi, mbegu tatu, baadae unapunguzia yabaki mahindi mawili. Halafu unafunika na matandazo, yaani nyasi na mabua makavu, tunayaita blanketi la Mungu. Mwanzo 2:15 Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na mi naamini kabisa hilo neno la kutunza tumelisahau makanisani, tunahubiri baraka ya mavuno huku udongo wenyewe unaenda ziwani kila mvua ikinyesha.

Sasa kuna mama mmoja, mjane, simtaji jina, watu wote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Yeye ndo alikuwa wa kwanza kukubali kipande cha mita sita kwa sita nyuma ya nyumba. Kamba alitengeneza mwenyewe, vizibo vya soda kavitoboa na msumari kavibana kila sentimita 60. Mistari nane, mashimo kumi kila mstari, jumla 80. Tulichimba Agosti udongo umekauka kama sakafu na watu wanapita na baiskeli wanauliza mnazika panya? Akakata nyasi akafunika vizuri kabisa. Wiki haijaisha ng'ombe wa jirani wakaingia usiku, asubuhi hakuna hata unyasi.

Hapo ndo niliona semina yetu ilikuwa na shimo kubwa. Yaani kitabu chetu kinasema usichome, usiondoe mabua, acha yabaki juu. Sawa. Lakini huku Usukumani mkishavuna tu shamba ni la ng'ombe wote, haijalishi la nani, ndivyo tulivyolelewa, na kiangazi mabua ndo chakula chao. Halafu unamwambia mkulima asichome kitu na yeye ana pamba, na sheria ya pamba inataka masalia yang'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu, akikuuliza nimsikilize nani wewe au bwana shamba unajibu nini? Mi nilijibu asikilize sheria, pamba achome, mahindi afunike, na baadhi ya wenzangu kwenye timu hawakufurahi ila nasimama hapo hapo.

Na wazee wana kumbukumbu. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha watu wa huku matuta na kupunguza mifugo, kwahiyo mgeni akija na kamba kupima shamba la mtu na kuongea habari za ng'ombe, watu wanatulia tu wanakuangalia. Lazima uelewe.

Mayu hakukata tamaa. Oktoba akaenda tena kukata nyasi kando ya mto siku nne, mtoto wa bintiye mgongoni. Januari mvua ikakata, tukafika pale saa nane mchana, mahindi ya upande wa pili wa njia yamejisokota majani kama sigara, ya kwake yamefunguka. Akanishika mkono akaupitisha chini ya nyasi, akasema gusa hapa mwalimu. Baridi. Unyevu kabisa, na mnyoo mmoja mwekundu unajikunja kukimbia jua. Kiwavijeshi alikuja pia, hakuna blanketi linalomzuia huyo, alikuwa anawatoa kwa vidole kila asubuhi. Alipopukuchua karibu ajaze ndoo ya lita 20 kutoka kile kikipande, na watu waliouliza habari za panya wakaanza kuuliza habari za kamba.

Lakini ng'ombe walikuwa bado wapo na kamba haisaidii hapo. Kwahiyo juzi Jumapili baada ya ibada tukakaa chini ya mwembe, tukamuomba mwenye ng'ombe naye aje, mzee wa watu wala siyo msharika wetu. Hatukuhubiri. Mayu akaongea mwenyewe, akasema mzee mi sikatai ng'ombe wako wale, nitakukatia nusu ya mabua nikuletee zizini, we niachie nusu, na samadi unipe. Mzee kakaa kimya muda mrefu sana akichora chini na fimbo, halafu akasema, kumbe mnachotaka ni ngitili.

Watu wote wakacheka wakapumua! Ngitili kila mtu anaijua, ni malisho unayoyafunga msimu wa mvua ili mifugo ije ipate kiangazi, na hakuna mchungaji anayejiheshimu anaingiza ng'ombe kwenye ngitili ya mtu. Miaka mitatu tunasema matandazo, matandazo, kumbe neno lilikuwepo.

Familia kumi na moja zimetenga vipande, mzee kasema atawaambia vijana wake wanaochunga. Mwezi ujao tunarudi kuchimba, mayu kaagiza nikusanye vizibo hapa mjini. Wenye maduka ya soda Buhongwa na Mkolani naomba msitupe, napita Jumamosi na mfuko.