Gari la baba mdogo lilipogoma

Wenye magari ya kifahari yanayokaa tu uani, nisikilizeni. La baba mdogo hutoka siku za harusi tu. Jana rimoti kimya, milango haifunguki. Tuliokolewa na ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti yenyewe.

Betri iko kwenye buti, na buti lafunguka kwa umeme! Ila chini ya boneti kuna ncha ya chanya yenye kifuniko chekundu. Hapo ndipo tulipochajia. Mita haikufika hata volti 10, wakati betri iliyojaa husoma kama 12.6. Alamu na kompyuta hunyonya umeme hata gari likiwa limezimwa.

Jirani alitaka kubusti, yaani kuliwasha kwa umeme wa betri ya gari jingine, kwa lori la volti 24. Nilikataa katakata, kompyuta zingeungua. Tumenunua chaja inayopunguza umeme yenyewe betri ikijaa, inabaki imechomekwa.