Hofu ya sindano

Watu wa hapa Uyole wanaonifahamu wanadhani siendi Kyela kwa sababu ya joto. Nimewaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba naogopa sindano, na woga huo ndio unaonipangia safari.

Huku juu baridi inatupunguzia mbu. Ukiteremka ukaipita Tukuyu hadi bondeni kando ya Ziwa Nyasa, zaidi ya mita 1,000 chini yetu, mbu wamejaa tele. Ukirudi na homa, ukasema umetoka Kyela, unapelekwa maabara, na maabara wanakutoboa kidole. Basi shangazi yangu wa Ipinda hunialika kila mpunga unapovunwa, nami kila mwaka nina udhuru. Malaria yenyewe siiogopi kama ninavyoogopa kipimo chake. Najua haiingii akilini.

Wiki hii homa imenifuata hapahapa nyumbani, bila kwenda popote.

Kinachonitesha zaidi si maumivu. Ni kule kuanguka. Mara nionapo pamba yenye spiriti moyo huenda mbio, halafu ghafla nguvu zote huniishia: masikio yanavuma, jasho baridi linatoka, macho yanaingia giza. Nikizinduka nakuta watu wamenizunguka, na mmoja lazima aseme, "Mwanaume mzima!" Wapo waliosema ni pepo. Nimeombewa, na maombi siyakatai, ila nao wanaoniombea wangefaa kujua kwamba mama yangu naye huanguka akiona damu. Hofu ya aina hii hutembea sana kwenye ukoo.

Nilipoanza kusoma habari zake ndipo nilipopata ahueni. Anayeogopa nyoka au kuwa mahali pa juu, presha yake hupanda, kwa hiyo kuzimia ni nadra. Sisi wa damu na sindano presha hupanda kidogo kisha huporomoka, mapigo ya moyo yanapungua, ubongo unakosa damu ya kutosha. Ndiyo maana ule ushauri wa kila mtu, "tulia, legeza mwili," kwangu ulikuwa unaharakisha safari ya sakafuni. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na mwenzake waliandika kuhusu njia iliyo kinyume kabisa: unakaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso uhisi joto, unaachia kwa nusu dakika hivi bila kulegea kabisa, unarudia. Presha inapanda, huanguki. Mkono unaotobolewa tu ndio unauacha.

Nimekuwa nikifanya mazoezi jioni sebuleni. Mama mwenye nyumba alinikuta nimekunja ngumi, mishipa ya shingo imenitoka, akauliza kama nimegombana na mtu.

Maabara nilimwambia binti aliyekuwa zamu kabla sijakaa: "Dada, mimi huwa nazimia." Nilitegemea acheke. Akasema, "Basi kaka, lala hapo kitandani," kama vile husikia hayo kila siku, na pengine husikia kweli. Nikageukia ukutani, nikakaza mapaja na tumbo, akatoboa. Kichefuchefu kilikuja, giza halikuja. Malaria haikuonekana.

Sidai nimepona. Usiku ule sikulala vizuri, na nikiandika neno sindano hapa kiganja bado kinalowa. Tena kidole ni kidogo. Mwezi ujao kazini wanataka vipimo vya afya, na huko watatoa damu ya mshipani, ile ya kufungwa mpira mkononi na kuambiwa ukunje ngumi. Nimeshapiga simu kuuliza kama chumba chao kina kitanda, maana kwenye kiti sikai.