Mzazi asiitwe shuleni kwa lawama tu

Hapa Lamu, mwalimu anayetaka kufahamu kwa nini mwanafunzi amezubaa darasani hana budi kuutazama upepo pia, kwa kuwa miezi ya kusi bahari huchafuka, vyombo vingi hubaki pwani, na kipato cha nyumba inayotegemea uvuvi hupungua hata chakula cha asubuhi kikawa cha kubahatisha. Habari hiyo haimo katika daftari la mahudhurio. Anayo mama, bibi au shangazi anayemlea mtoto.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku adhabu ya kimwili na unyanyasaji wa kiakili shuleni, nayo inatambua chama cha wazazi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mikutano ya chama hicho humezwa mno na michango na matokeo ya mitihani, na mzazi aliyeitwa peke yake huja akitarajia lawama. Ningependa aitwe pia mtoto anapofanya vyema. Mwalimu wa madrasa naye asisahauliwe, maana watoto wengi hutoka shule wakaenda chuoni, yaani madrasa, na huenda yeye akawa wa kwanza kuona kwamba mtoto amekonda au amejitenga na wenzake.

Yako mambo ambayo mtoto hathubutu kuyasema mbele ya mwalimu wala mzazi, hasa anapoumizwa na mtu wa karibu. Kwa hayo ipo nambari 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bila malipo, na inafaa ibandikwe shuleni na ijulikane nyumbani.