Usajili wa antivairasi ulikuwa kwenye barua pepe ya fundi: nilivyoupata

Ukiwa na steshenari jirani na chuo, huwezi kukaa bila antivairasi. Niko Morogoro, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa SUA, na kila mmoja anakuja na flashi iliyokwisha kupita kwenye kompyuta nyingi ambazo hata yeye hazikumbuki. Kirusi tunachokutana nacho zaidi ni kile cha shotikati. Mtu anachomeka flashi, anakuta folda zake hazipo, kumebaki alama zenye kimshale. Folda hazijafutwa, zimefichwa tu, na ukibofya ile alama ndipo unapokikaribisha kirusi kwenye mashine. Nimemwona binti akitetemeka mikono hapa kaunta kwa sababu ripoti yake ya utafiti haionekani na msimamizi anaitaka mchana huo huo. Tulimrudishia kwa attrib, amri ya Windows ya kufichua folda zilizofichwa, kazi ya dakika chache. Lakini mashine isiyo na kinga ikiipokea flashi kama ile, itawaambukiza wote watakaokuja kuchapisha baada yake.

Kwa kompyuta ya nyumbani, Microsoft Defender inayokuja na Windows inatosha, na ndivyo ninavyowaambia wateja wakiniuliza. Dukani nililipia programu nyingine kwa sababu nilitaka leseni moja ya kompyuta zote tatu, na flashi ikichomekwa ikaguliwe papo hapo bila kumtegemea kijana wa zamu akumbuke.

Aliyeiweka alikuwa fundi wetu. Wakati wa kufungua akaunti aliandika barua pepe yake, kama mafundi wengi wanavyofanya ili kazi iishe haraka. Kadi ya benki ilikuwa yangu. Mwaka mzima hapakuwa na shida. Kisha Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, nikaamua kuhamia Windows 11. Mashine mbili zilikubali, tukaziwekea diski mpya za SSD na Windows mpya kabisa. Ya tatu, ile ya kaunta, prosesa yake ni ya zamani, haikukubali, nikaiacha kama ilivyo kwa muda.

Kipindi hicho hicho ikaingia meseji ya benki kwamba kadi imekatwa fedha na kampuni nisiyoijua. Nilishtuka, nikadhani nimeibiwa. Nilipotafuta jina lile nikaelewa: kampuni nyingi za antivairasi hazipokei malipo zenyewe. Zina kampuni nyingine inayouza kwa niaba yao, na jina la hiyo ndilo linalotokea kwenye taarifa ya benki. Usajili ulikuwa umejihuisha wenyewe. Sawa, nikasema, basi nipate huduma niliyoilipia. Nikapakua programu kwenye zile mashine mbili, ikaniomba barua pepe na paswedi. Nikampigia fundi.

"Kaka, nisaidie paswedi ya ile akaunti ya antivairasi. Wameshakata fedha."

"Pole dada. Ile imeili sina tena. Simu iliibiwa, na laini niliyoisajilia ilishafungwa. Google wananitumia kodi ya uthibitisho kwenye namba ambayo sinayo."

Sikumlaumu. Alijaribu kweli kuirudisha barua pepe yake, ikashindikana. Ila ndipo nilipoona jinsi huduma hizi zinavyofanya kazi: leseni inaifuata barua pepe. Kompyuta ni yako, kadi ni yako, fedha imetoka mfukoni mwako, lakini kwa kampuni mwenye mali ni yule mwenye barua pepe iliyosajiliwa. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kuwathibitishia watu walio nchi nyingine, wasionijua, kwamba mali ile ni yangu.

Kijana wangu wa dukani alitangulia kutafuta namba ya huduma kwa wateja kwenye Google. Juu kabisa likatokea tangazo lenye jina la ile antivairasi na namba ya Marekani ya kupiga bure. Akapiga kwa WhatsApp, wakapokea mara moja. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana kampuni za namna hii hazipokei simu upesi hivyo. Nikachukua simu. Bwana yule hakuuliza namba ya oda, hakuuliza leseni ni ya mashine ngapi. Alitaka kwanza niweke AnyDesk ili aingie kwenye kompyuta yangu, kisha nifungue Event Viewer nimsomee alama nyekundu ninazoziona. Mbinu hiyo naifahamu. Event Viewer ni kama daftari ambamo Windows huandika matukio mengi ya kompyuta, na hata kompyuta nzima kabisa ina makosa mengi mekundu mle ndani, mengi yakiwa hayana madhara yoyote. Matapeli huyatumia kumtisha mtu aamini mashine imeoza kwa virusi, ndipo wadai malipo ya kuisafisha. Nikakata simu.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu anayetafuta msaada wa antivairasi tayari ana hofu, na wale watu wanaijua hofu hiyo. Usiitafute namba ya msaada kwenye Google. Fungua programu yenyewe, nenda sehemu ya msaada, ubofye kiungo kilichomo humo. Kama programu haifunguki, andika anwani ya tovuti ya kampuni kwa mkono wako mwenyewe.

Njia halali nayo ilinisumbua, lakini kwa namna nyingine. Dirisha la kuchati lina boti, yaani programu inayojibu badala ya mtu, na boti lilitaka barua pepe ya akaunti kabla ya lolote. Nikiandika yangu, linajibu kwamba hakuna akaunti kama hiyo. Nikiandika ya fundi, linatuma kodi ya uthibitisho kwenye sanduku ambalo hakuna anayeweza kulifungua. Nilizunguka humo mpaka nikachoka. Kilichonitoa ni kubadili mada. Badala ya kuchagua "akaunti" nikachagua "malipo", na maswali yakawa tofauti: namba ya oda, tarehe ya malipo, kiasi, na tarakimu nne za mwisho za kadi. Watu wa malipo wanakutafuta kwa oda, na oda haihitaji paswedi.

Risiti ya mwaka huu ilikuwa imekwenda kwenye barua pepe ya fundi. Lakini ile ya mwaka wa kwanza niliichapisha siku ile ile na kuiweka kwenye faili la hesabu za TRA, kama ninavyofanya kwa kila ninachokinunua kwa ajili ya duka. Namba ya oda ilikuwa pale juu kulia, pamoja na jina la ile kampuni ya malipo. Nikaichukua, nikaomba taarifa ya akaunti benki inayoonyesha makato ya mwaka huu, kisha nikaketi kwenye kompyuta ya kaunta.

Hiyo ya kaunta ilikuwa bado na Windows ya zamani na programu ya zamani, kwa hiyo bado ilikuwa imeunganishwa na ile leseni. Nikafungua programu, nikabofya alama ya msaada chini kushoto, kikatokea kidirisha chenye toleo la programu, namba ya leseni na tarehe ya mwisho wa usajili. Tarehe ilikuwa imesogezwa mwaka mzima mbele, yaani fedha yangu ilikuwa imeingia na kufanya kazi, ila kwa mashine moja tu. Nikapiga skrinishoti, na picha nyingine ya simu inayoonyesha skrini na kaunta ya duka kwa pamoja. Ile ya pili sikuombwa. Niliona tu kwamba mtu aliyeko mbali akiona kompyuta ipo juu ya kaunta, pembeni pana mashine ya fotokopi, ataelewa haraka zaidi anaongea na nani.

Kadi sikuipiga picha. Ukiombwa uthibitisho wa kadi, tarakimu nne za mwisho zinatosha, na zile tatu za nyuma asipewe mtu yeyote, awe mhudumu wa kweli au wa uongo. Kwenye taarifa ya benki nilibandika vipande vya karatasi juu ya namba ya akaunti na miamala mingine, ndipo nikaskani, ikabaki mistari niliyotaka waione.

Ujumbe niliuandika kwa Kiingereza kifupi. Nilieleza kwamba mimi ndiye niliyelipa, akaunti ilifunguliwa na fundi kwa barua pepe ambayo imepotea, naomba usajili uhamishiwe kwenye barua pepe yangu, na viambatisho ni hivi. Sikueleza historia ya simu kuibiwa wala kubadilisha diski. Wahudumu hawa wanasoma malalamiko mengi kwa siku, na ujumbe mrefu unaishia kujibiwa kwa majibu yaliyokwisha kuandikwa.

Jibu la kwanza lilikuwa la namna hiyo hasa: mwenye akaunti aandike kutoka barua pepe iliyosajiliwa. Nikajibu kwenye uzi ule ule, kwa namba ile ile ya kesi, kwamba hilo haliwezekani na sababu nimekwisha kuieleza, nikamwomba amkabidhi mkubwa wake. Ni muhimu kubaki kwenye kesi moja. Ukifungua mpya kila unapokasirika, kila mhudumu anaanza upya na viambatisho vyako vinabaki kule nyuma. Majibu yalikuwa yakiingia usiku wa huku, kwa sababu mchana wao ni usiku wetu, kwa hiyo nikazoea kujibu asubuhi kabla sijafungua duka ili wanikute wanapoanza kazi.

Kilichobadilisha mazungumzo ni sentensi moja kuhusu fedha. Kampuni nyingi kubwa za antivairasi hutoa muda wa kuomba kurudishiwa malipo, kwa wengine siku 30, kwa wengine 60, na mimi nilikuwa bado ndani ya muda wao. Nikaandika kwa adabu: ama mnihamishie usajili, ama mrudishe fedha kwenye kadi ile ile iliyokatwa. Hapo nikapata mtu aliyesoma viambatisho kweli. Kulikuwa na njia ya kuyapinga malipo benki, lakini hiyo niliiweka mwisho, kwa sababu ukiyapinga malipo kampuni huizima leseni, na mimi nilikuwa naihitaji.

Malalamiko ya usajili unaojihuisha hayakuanza leo. Mwaka 2009 McAfee na Symantec zilikubali kulipa dola 375,000 kila moja kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, baada ya wateja kulalamika kwamba kadi zao zilikatwa bila kuarifiwa ipasavyo, na zikatakiwa kuwaeleza wateja waziwazi juu ya makato hayo. Mteja wa New York alikuwa na ofisi ya serikali nyuma yake. Mteja wa Morogoro ana faili lake la risiti na subira yake, na naona si haki kwamba kitufe cha kununua kinaonekana kwa mbali huku kile cha kuzima makato kikifichwa ndani ya akaunti, ambayo mlipaji mwenyewe anaweza asiwe na ufunguo wake.

Mhudumu yule aliniuliza maswali mawili ya ziada, tarehe ya kununua mara ya kwanza na majina ya kompyuta kama yanavyoonekana kwenye mtandao wa duka. Nikampa. Asubuhi iliyofuata nikakuta kiungo cha kufungua akaunti kwa barua pepe ya duka, na usajili umo ndani ukiwa na tarehe ile ile niliyoiona kwenye kaunta.

Nilipoingia nikakuta zile mashine mbili zinakataliwa: idadi ya vifaa imefika kikomo. Hili halikuhitaji mhudumu. Windows ikiwekwa upya, programu huihesabu kompyuta kuwa ni mpya, na ile ya zamani inabaki kwenye orodha ikishikilia nafasi. Kwenye ukurasa wa vifaa nikaziona kompyuta tano wakati duka lina tatu. Nikazifuta zile mbili za zamani, nikarudi kwenye mashine, nikabofya tena, zikakubali. Muda wote huo wa kusubiri Defender ilikuwa ikifanya kazi kwenye zile mbili, na wateja wengi nilikuwa nikiwaomba watume kazi zao kwa barua pepe au WhatsApp badala ya flashi. Wengine wameendelea hivyo mpaka leo, jambo ambalo nimelifurahia.

Kabla ya kutoka kwenye akaunti nilizima kujihuisha kwa usajili na kuiondoa kadi. Wakanitumia barua ya kuthibitisha, nikaichapisha. Mwakani nitalipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu, ninayoiwekea kiasi kile tu kinachohitajika siku hiyo. Barua pepe ya duka nimeipa namba mbili za kuirudishia, yangu na ya mdogo wangu. Fundi naye nilimpigia kumshukuru, kwa sababu ndiye aliyenikumbusha majina aliyozipa zile kompyuta, na tumekubaliana kwamba chochote atakachokisajili hapa dukani kwangu kitaandikwa kwa anwani ya duka, nikiwa nimekaa pembeni yake.